Usalama wa marafiki wanaosafiri pamoja mapumzikoni nchini Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya makundi ya marafiki wanaopanga mapumziko ndani ya Uganda, wawe wanatoka Kampala, Mbale au Arua, au wamevuka mpaka kupitia Busia, Malaba, Mutukula au Katuna. Familia inaposafiri, wazazi ndio wanaosema hapana. Watalii wa kampuni nao wana mwongozaji anayelipwa kusema hapana. Kundi la marafiki halina mtu huyo, na mengi ya majibu yaliyo hapa chini yanarudi kwenye upungufu huo.

Je, kundi la marafiki linahitaji kiongozi?

Linahitaji wasimamizi, si mkubwa wa kila jambo. Mteueni mmoja wa usafiri, mmoja wa fedha na mmoja wa afya, na kila mmoja apewe mamlaka halisi katika eneo lake. Msimamizi wa usafiri, kwa mfano, awe na haki ya kuahirisha safari au kukataa chombo bila kupiga kura, na wenzake wakubaliane tangu mwanzo kwamba hawatamzomea. Makubaliano hayo yafanyike kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu saa tano ya usiku, dereva akiwa amechoka na muziki ukiwa juu, hakuna anayependa kuwa wa kwanza kulalamika.

Kila msafiri aandike kwenye karatasi jina na namba ya simu ya ndugu yake, ugonjwa wowote alio nao, dawa anazotumia na vitu vinavyomdhuru, kama vile njugu au dawa fulani. Msimamizi wa afya abaki na karatasi hizo, kisha nakala ya ratiba iachwe kwa mtu mmoja asiyesafiri, anayejua mtalala wapi kila usiku na lini aanze kuuliza maswali asiposikia kutoka kwenu.

Hatari kubwa zaidi katika safari kama hii ni ipi?

Ni barabara. Watu huuliza juu ya simba, nyoka na virusi, lakini gari ndilo linalopaswa kuwanyima usingizi. Mwezi wa Oktoba 2025, ajali moja iliyohusisha mabasi mawili na magari mengine kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, katika wilaya ya Kiryandongo, iliua watu zaidi ya 40. Ilitokea baada ya saa sita za usiku, magari yakiwa yanajaribu kupita mengine. Barabara hiyo ndiyo wanayoitumia wengi wanaokwenda Hifadhi ya Murchison Falls.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kusafiri mchana. Nchini Uganda jua huzama karibu na saa moja ya jioni mwaka mzima, na kundi linaloondoka Kampala saa tano asubuhi kwenda Kabale, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, limekwisha kuamua kufika gizani hata kama halijui. Ondokeni saa kumi na mbili alfajiri. Anayechelewa asubiriwe kwa muda mliokubaliana, kisha afuate kwa basi la mchana. Ni afadhali rafiki mmoja anune kuliko watu kumi na wanne kupita kwenye kona za milima ya Kigezi wakiwa na ukungu mbele yao na malori yasiyo na taa.

Mkikodi takisi ya abiria 14, msihesabu viti tu. Angalieni kama kila kiti kina mkanda unaofunga, kama magurudumu bado yana meno, kama kuna gurudumu la akiba na jeki, na kama bima inaendana na namba za gari. Muulizeni dereva amelala kwa saa ngapi. Swali hili huonekana la utovu wa adabu, lakini lina sababu: madereva wengi wanaokodiwa na makundi ya vijana hulala ndani ya gari huku wateja wakistarehe hotelini, kisha asubuhi wanatakiwa kuendesha saa nane mfululizo. Gharama ya kitanda na chakula cha dereva iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Kundi linaloona shilingi elfu chache za chumba chake kuwa anasa halijaelewa ni nani aliyeshika maisha yake mikononi.

Je, tunaweza kutumia bodaboda tukifika?

Mnaweza, kwa safari fupi za mchana, abiria mmoja kwa pikipiki, kofia ngumu ikiwa imefungwa kidevuni. Mijini, ni vyema kuita pikipiki kupitia programu ya simu inayoonyesha jina la dereva na namba ya chombo. Usiku, hasa mkitoka kwenye burudani, iteni gari.

Tunapanga sherehe ndani ya mashua katika Ziwa Victoria. Tuzingatie nini?

Mzingatie kwanza yaliyotokea tarehe 24 Novemba 2018. Jioni hiyo, mashua ya starehe iitwayo MV Templar ilizama karibu na Mutima, wilayani Mukono, ikiwa imebeba watu waliokwenda kujiburudisha pamoja. Zaidi ya watu 30 walifariki. Mashua ilikuwa imejaa kupita uwezo wake, haikuwa na leseni ya kufanya kazi, na wengi wa waliokuwemo hawakuwa wamevaa majaketi ya kuokoa maisha. Wahanga wengi walikuwa watu wa mjini, wenye elimu na uwezo, waliokuja na marafiki zao. Hakuna sababu ya kudhani kwamba yeyote kati yao alikuwa mjinga. Kila mmoja aliona wenzake wamepanda, akapanda.

Kabla ya kulipa, ombeni kuona leseni ya chombo na idadi ya abiria kinachoruhusiwa kubeba. Siku yenyewe, msimamizi wa usafiri asimame gatini na kuhesabu vichwa na majaketi, na idadi ya majaketi isipotosha, wasiokuwa nayo wasipande, hata kama ndiye mwenye sherehe ya kuzaliwa. Jaketi livaliwe na kufungwa kabla ya kamba ya mashua kufunguliwa. Jaketi lililokaliwa kama mto, au lililorundikwa chini ya masanduku ya soda, halitavalika ndani ya sekunde chache ambazo mashua huchukua kupinduka. Watu wasikusanyike upande mmoja kupiga picha, kwa sababu uzito ukihama ghafla ndipo chombo kilichojaa hulala ubavu.

Saa pia ni muhimu. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka pande zote za pwani kuelekea katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu ikapanda na kufanya mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku na alfajiri, na ndiyo maana sherehe ya mashua imalizike jua likiwa bado juu. Mkienda Visiwa vya Ssese, tumieni meli ya abiria inayotoka Entebbe, au kivuko cha Bukakata upande wa Masaka, badala ya kukodi mtumbwi wa mbao kwa sababu tu mmechelewa.

Ni salama kuogelea wapi?

Jibu linategemea mnaogopa nini. Katika Ziwa Victoria, Ziwa Albert na sehemu nyingi za Mto Nile kuna kichocho, ugonjwa unaoletwa na minyoo midogo inayotoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache, hasa kwenye maji yaliyotulia karibu na matete. Kujikausha kwa taulo haraka hakutoshi kukukinga. Isitoshe, baadhi ya maeneo ya maji hayo yana mamba na viboko, kwa hiyo neno la mvuvi wa pale lina uzito kuliko picha mlizoziona mtandaoni.

Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, lina sifa ya kutokuwa na mamba wala viboko, na ndiyo maana wengi hulichagua. Hata hivyo, lina kina kirefu kinachoanza hatua chache tu kutoka ufukweni, na maji yake ni baridi kwa kuwa liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asiyejua kuogelea akiteleza kwenye gati la mbao pale hapati mahali pa kukanyaga.

Huko Jinja, mchezo wa kushuka maporomoko ya Nile kwa boti za mpira unaendeshwa na kampuni zenye uzoefu, lakini mto wenyewe haujapunguza nguvu zake kwa sababu hiyo. Waulizeni kama kuna kayaki za waokoaji zinazofuatana na boti, kama kofia na majaketi yanawatosha watu wote wakiwemo wanene na wembamba, na kama kuna njia tulivu kwa wasiopenda mawimbi makubwa. Mtu asiyetaka kushuka asichekwe. Anaweza kubaki na mabegi na kupiga picha. Na yeyote aliyekunywa pombe asubuhi hiyo abaki naye.

Katika hifadhi za wanyama tunatakiwa kufuata masharti gani?

Msishuke kwenye gari isipokuwa pale palipotengwa, msiwalishe nyani, na msiendeshe usiku ndani ya hifadhi. Haya yote hujulikana. Yanayosahaulika ni ya kambini: kiboko hutoka majini jioni kula nyasi, na katika maeneo kama Mweya na Paraa anaweza kupita katikati ya mabanda. Mtu anayetoka peke yake saa saba za usiku kwenda msalani, simu ikiwa ndiyo taa yake, anaweza kujikuta amesimama kati ya kiboko na maji, jambo ambalo kiboko halivumilii. Tokeni wawili, mkiwa na tochi kubwa, au mwiteni askari wa zamu. Ndizi, maembe na mikate visilale ndani ya hema, kwa sababu tembo hunusa matunda kutoka mbali na turubai halimzuii.

Kuhusu hatari ya watu wenye silaha, tarehe 17 Oktoba 2023 watalii wawili wa kigeni na mwongozaji wao Mganda waliuawa ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Hifadhi iliendelea kupokea wageni na ulinzi ukaongezwa, lakini tukio hilo linafundisha kwamba ulizo la simu kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, siku moja kabla ya kuanza safari, si woga. Waulizeni barabara ipi inatumika na kama mnahitaji kusindikizwa, hasa katika maeneo yanayopakana na Kongo.

Tuko marafiki kumi na wawili na tunataka kuwaona gorila. Je, tutakwenda pamoja?

Hapana. Kila familia ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa muda wa saa moja, na mwenye umri chini ya miaka 15 haruhusiwi. Kundi lenu litagawanyika, na hapa ndipo makosa ya mipango huanza: Hifadhi ya Bwindi, wanakoishi gorila, ina maeneo manne ya kuingilia, yaani Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kutoka moja hadi jingine kwa gari kunaweza kuchukua saa kadhaa za barabara ya mlimani. Marafiki walionunua vibali mtandaoni bila kulinganisha majina ya maeneo hujikuta wakilala Buhoma huku nusu yao wakitakiwa Rushaga saa mbili asubuhi. Matokeo yake ni gari kuendeshwa kwa kasi alfajiri kwenye kona zenye utelezi.

Mwenye mafua, kikohozi au kuharisha asiende, kwa kuwa gorila huambukizwa magonjwa yetu kwa urahisi. Vaeni suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi, mkodi mbebaji wa mizigo, na mseme ukweli kuhusu magoti yenu kabla ya kupangiwa familia, maana walinzi hujaribu kuwapa wasio na nguvu njia fupi wakiambiwa mapema.

Afya: tujiandae vipi?

Malaria iko katika sehemu kubwa ya Uganda, na mtu aliyekulia Kampala hana kinga ya maisha kwa kuwa tu aliwahi kuugua utotoni. Tumieni chandarua, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, na wanaotoka maeneo yasiyo na malaria wamwone daktari wapewe dawa za kinga kabla ya safari. Wanaoingia kutoka nje wabebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huhitaji siku kumi kabla ya kuanza kutambuliwa, hivyo kuikimbilia siku ya kupanda basi hakusaidii.

Msiingie kwenye mapango ya popo bila mwongozaji rasmi, na hata mkiwa naye msikaribie popo wenyewe. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa wa Marburg baada ya kutembelea pango lenye popo katika msitu wa Maramagambo. Pia fuatilieni matangazo ya Wizara ya Afya kabla ya kuondoka: Ebola iliripotiwa nchini mwaka 2022 na tena mwanzoni mwa 2025, na milipuko yote miwili ilimalizwa.

Kwa wanaopanda Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafika mita 5,109, kuumwa kichwa kunakoambatana na kutapika ni dalili ya kushuka, na rafiki mmoja awe tayari kushuka na mgonjwa. Kumwacha mgonjwa kambini akisubiri wenzake warudi kutoka kileleni ni jambo lisilokubalika.

Kabale na Kisoro kuna baridi. Je, tunaweza kuingiza sigiri chumbani?

Kamwe. Makaa yanayowaka ndani ya chumba au hema lililofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na anayeivuta akiwa amelala haamki kuikimbia. Hatari huendelea hata makaa yakionekana kufifia. Ombeni blanketi la ziada, laleni na soksi, na sigiri ya kuchomea nyama ibaki nje hadi asubuhi. Jenereta nayo isiwashwe kwenye baraza lililo chini ya madirisha ya vyumba.

Tunaweza kunywa pombe kwa usalama?

Wanaokunywa wanunue chupa zilizofungwa kiwandani, kwenye maduka au baa zinazojulikana. Waragi wa kienyeji usiojulikana umetiwa nini umeleta misiba: mwaka 2010 makumi ya watu walikufa Kabale na maeneo ya jirani baada ya kunywa pombe iliyochanganyika na methanoli, na methanoli huua au kupofusha hata kwa kiasi kidogo. Mtu aliyelewa anayeona ukungu machoni, anayetapika bila kukoma au anayepumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja. Asiachwe "alale itoke".

Mengine ni ya heshima kati ya marafiki wenyewe. Glasi iliyoachwa mezani isinywewe tena. Wanaokwenda burudani pamoja warudi pamoja, na akipungua mmoja, gari lisiondoke. Vyumba na vitanda vipangwe kabla ya usiku wa kwanza, na mwanamke au mwanamume aliyesema hataki kulala chumba kimoja na mtu fulani asiombwe sababu. Mtu aliyelewa hawezi kutoa ridhaa, hata kama wawili hao wamefahamiana tangu shule ya msingi. Kundi likiona mmoja wao anamsumbua mwenzake, msimamizi wa afya amtenge msumbufu usiku huohuo. Kusubiri "tusiharibu safari" ndiko kunakomwacha aliyeumizwa peke yake.

Tutunze fedha za kundi namna gani?

Fedha zote zisikae kwenye namba ya simu ya mtu mmoja, wala mfuko mmoja. Mnapolipa malazi kwa simu, jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilinganishwe na jina la biashara. Likiwa la mtu binafsi msiyemjua, simamisheni malipo na mpige simu ya hoteli kutoka chanzo kingine. Bei ya chini kupita kiasi kwa nyumba ya ufukweni Entebbe wakati wa Krismasi mara nyingi ni nyumba isiyokuwepo. Tengeni pia akiba ya dharura isiyoguswa kwa ajili ya nyama choma, inayotosha kumfikisha mgonjwa mmoja Kampala kwa gari la kukodi.

Rafiki mmoja anataka kubaki au kuondoka peke yake. Tumruhusu?

Ni mtu mzima, hivyo hamwezi kumzuia, ila aache namba ya gari atakalopanda, apige simu akifika, na muda wa kupiga simu hiyo uwekwe wazi.

Tukisimamishwa na polisi au wanajeshi?

Punguzeni mwendo, washeni taa ya ndani ikiwa ni usiku, zimeni muziki, na mtu mmoja tu azungumze. Kila mmoja awe na kitambulisho au pasipoti karibu, si ndani ya begi lililofungwa juu ya gari. Msipige picha za askari, vituo vya ukaguzi, mabwawa ya umeme wala kambi za jeshi. Kiswahili chepesi na salamu husaidia sana kwenye vizuizi vya barabarani, pengine kuliko Kiingereza cha haraka. Bangi ni kosa la jinai, na ikikutwa kwenye gari lenu kila mmoja atahojiwa.

Dharura ikitokea, tupige namba gani?

Namba za polisi ni 999 na 112, na hazitozwi. Hata hivyo, katika Kidepo, ndani ya Bwindi na sehemu za Rwenzori mtandao hukatika, kwa hiyo msimamizi wa afya ajue mapema kituo cha afya kilicho karibu na kila mahali mtakapolala, na awe na namba ya meneja wa malazi pamoja na ya afisa wa hifadhi. Wenye uwezo wachukue bima inayogharimia kusafirishwa kwa ndege; AMREF Flying Doctors yenye makao Nairobi huhudumia pia Uganda. Aliyevunjika mgongo au shingo asivutwe kutoka kwenye gari isipokuwa kuna moto au maji, na aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kisichezeshwe, asichanjwe kwa wembe wala kufungwa kamba, apelekwe hospitali.

Tumerudi nyumbani salama. Kuna jambo la kufuatilia?

Lipo. Homa yoyote itakayotokea baada ya wiki moja au zaidi tangu muingie eneo lenye mbu ipimwe malaria siku hiyohiyo, na wanaoishi ng'ambo wawaambie madaktari wao kwamba walikuwa Uganda, kwa sababu daktari asiyeambiwa anaweza kuidhania mafua. Walioogelea kwenye maji yenye kichocho wapime baada ya wiki sita hadi nane, hata wasipojisikia wagonjwa, kwa kuwa kipimo cha mapema kinaweza kutoonyesha kitu. Tiba yake ni vidonge vya praziquantel. Akigundulika mmoja, awajulishe wote aliooga nao ziwani.